Maziwa Ambayo Mhariri Hakunywa

Mhariri alipofariki, wenzake wa bodi ya jarida waliniomba mimi niandike tanzia, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikisahihisha Kiswahili cha makala tangu toleo la kwanza. Wakanitumia na mfano wa kufuata: shahada alizopata, makala alizoandika, kamati alizokalia. Nikaandika aya moja, nikaisoma kwa sauti, nikaifuta. Haikuwa na uongo hata kidogo, ila mtu mwenyewe hakuwemo, na aibu iliyomla mpaka tukamzika haikuwemo. Basi naandika hii badala yake, wachapishe wasichapishe. Jina lake sitalitaja. Alisema ameshaliweka mahali panapostahili, na hapo panatosha. Mahali hapo nitapafikia.

Mjini Garsen hakuna aliyemwita vingine. Waendesha bodaboda, imamu, wauza miraa, wanafunzi wangu wa sekondari, wote: Mhariri. Wengi walidhani ni mhariri wa gazeti, kwa hiyo walimletea habari. Lori likigonga mbuzi wa mtu, mwenye mbuzi anaingia ofisini na hasira zake, "Mhariri, andika! Andika mpaka rangi ya gari!" Naye hakuwasahihisha. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza maswali, kisha akampigia chifu simu akamweleza vizuri kuliko mwenye mbuzi. Nilimwambia siku moja anawadanganya watu. Akasema, "Mwalimu, mtu amekuja kutafuta wa kumsikiliza, mimi nimtolee hotuba ya aina za majarida?"

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la saruji na mabati, kinanuka rangi mwaka mzima, na feni yake ilizunguka ilipojisikia. Alikuwa amestaafu chuo kikuu akarudi kwao, akaanzisha jarida la mambo ya mto na delta yake: kilimo, mifugo, samaki, misitu, lugha. Lilisomwa mtandaoni, na nakala chache za karatasi kwa wasioamini mtandao. Bodi ilikutana kwa kompyuta. Siku hizo Mhariri alivaa shati jeupe na tai, na chini kikoi na ndara. "Wanaona mpaka kifuani," alisema, "na huko chini ni mambo yangu na Mola wangu."

Yeye ni Muorma, wa watu wa mifugo, na mimi ni Mpokomo wa Wenje, wa wakulima wa kando ya mto, na utani wetu haukuisha. Nikichelewa kuleta kazi alisema nimekwenda kulima katikati ya njia ya ng'ombe wake. Akichelewa yeye nilisema yuko kwenye mpunga wa babu yangu, na ng'ombe wake wote. Mgeni akitusikia alishtuka, akidhani sasa tunashikana mashati. Kumbe ndiyo namna yetu ya kusalimiana.

Lakini kwenye makala hakuwa na utani. Lo, mtu yule! Aliwahi kuletewa makala kuhusu wakulima wa Ozi, nzuri, imepambwa kwa majedwali, mwandishi anadai amewahoji watu nyumba kwa nyumba. Mhariri akatazama miezi ya mahojiano, akachukua simu. Ozi yote miezi hiyo ilikuwa chini ya maji, watu wamehamia kwenye mahema. "Kaka," akamwambia mwandishi kwa upole wa kutisha, "uliwahoji samaki?" Nilisikia upande wa pili simu inakatwa.

Makala ikija na waandishi wengi, alimpigia kila mmoja peke yake na kumuuliza amefanya nini humo. Mkubwa mmoja wa idara alijibu kwamba yeye ametoa baraka. "Baraka tunaziweka kwenye shukrani," Mhariri akasema, na jina la mkubwa likashuka chini huko kwenye shukrani, pamoja na madereva. Mwingine, wa Madogo, alituma mbuzi kwa lori siku chache baada ya kuleta makala yake. Mhariri alimrudisha mbuzi siku hiyohiyo. Mjini watu walicheka wiki nzima, na muuza nyama wa stendi alinijia mbio: "Mwalimu, mzee wenu ni mzima kweli? Amekataa mbuzi!"

Msidhani alikuwa malaika. Vitabu vyangu alivyoazima vilikufa kwake. Mtu aliyewafukuza waandishi kwa kunyofoa aya moja bila kutaja chanzo alikuwa akikaa kwenye kibanda cha chai anasimulia visa vyangu vya Wenje, vyote, na vicheko vyake, kana kwamba vilimpata yeye. Nikamvaa mbele ya watu: "Hicho kisa ni changu, mbona hunitaji?" Akanywa chai yake taratibu. "Kwenye chai hakuna marejeo," akasema. Na alikuwa na moyo laini kwa vijana kuliko alivyotaka ijulikane. Kijana akikataliwa makala hakumwandikia, alimpigia simu, wakati mwingine wakaongea mpaka salio likaisha. Alisema kumkataa mtu kwa maandishi ni kumwachia mbwa mlangoni, heri mwenye nyumba atoke mwenyewe.

Kanuni aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kujitoa. Ikija makala ya mtu anayemjua, awe rafiki, ndugu, au hasimu wake, hakutaka hata kukaa chumbani mimi na naibu wake tukiijadili kwa kompyuta. Alichukua kofia yake, akaenda kibandani, akakaa huko mpaka tumwite. Niliwahi kumwambia abaki tu, anyamaze. "Hapana, Mwalimu. Nikikaa hapa hata kikohozi changu kitakuwa na upande." Mimi nilimwona mtu mkubwa sana kwa hilo. Nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi.

Sasa nifike penyewe.

Alikuwa na mpwa, mtoto wa marehemu dada yake. Mhariri ndiye aliyemlipia masomo tangu msingi, lakini kijana alikulia Mombasa, na kwao alikuja kama mgeni wa sikukuu. Akawa mhadhiri. Akafanya utafiti juu ya malisho ya akiba, yaani zile sehemu ambazo wafugaji hawazigusi miaka ya kawaida, wanazihifadhi kwa ajili ya ukame ule mkali, na ambazo hawazitaji ovyo. Alikaa na watu wa boma moja. Jina la mahali silitaji. Walimwonyesha majani yalipo, visima vya kuchimba kwa mkono vilipo, na njia za kuingilia. Akachora ramani nzuri sana, akaandika makala, akaituma kwetu. Bila makala hiyo cheo hapati.

Tulikuwa na desturi ya kuifungua kila makala pamoja kuona kama imekamilika. "Hii ya mpwa wangu," akasema. "Soma wewe, mimi nasikiliza tu, halafu natoka." Nikasoma. Nikafika pale mwandishi anapoeleza alivyopata ridhaa: walitukaribisha kwa maziwa, tukanywa, ndipo tukawaomba ruhusa ya kuandika na kuchapisha, nao wakaridhia kwa kauli moja. Mhariri akakohoa. Nikainua macho. "Vipi?" Alikuwa ameshashika kofia. "Mimi simo humu," akasema. "Mpelekee naibu." Akaenda kibandani, nami nikaendelea na koma zangu. Ile sentensi ya maziwa niliipenda, hata niliing'arisha kidogo.

Mimi ni mtu wa mtoni, sikujua. Yeye alijua. Katika boma lile, mgeni akishakunywa maziwa ya nyumba hakataliwi neno. Ukitaka kumkatalia mtu, unachelewesha maziwa, na mwenye adabu anaelewa, anaomba njia anakwenda zake. Lakini akishakunywa, lolote atakaloomba anaitikiwa ndiyo, hata kama moyo unasema hapana, na mwenye akili haombi kitu kizito baada ya kunywa. Kijana wa Mombasa alikunywa ndipo akauliza. Walimjibu ndiyo kwa sababu hawakuwa na neno jingine la kumjibu.

Wasomaji wa siri waliopewa makala ile waipime walikuwa watu wa mbali. Wakauliza kama ridhaa ipo. Ipo, imeandikwa. Wakaipitisha kwa sifa. Naibu akaichapisha, kijana akapata cheo, na Mhariri alinunulia ofisi nzima mahamri siku hiyo. Ofisi nzima ni mimi na yeye.

Ukame ukaja, ule wa kutisha. Siku moja akaingia ofisini mwanamume wa boma lile, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Hakukaa. Akatoa simu akaiweka mezani. Kwenye kioo kulikuwa na ramani, na pembeni yake alama ya jarida letu. Alisema malori yalikuja na ng'ombe wa matajiri wa mjini, watu ambao hata hawajawahi kukanyaga huku, na madereva wote walikuwa na hiyo ramani kwenye simu zao. Majani yameisha, visima vimekanyagwa vimefukika. Ng'ombe wa boma wamekufa, na waliobaki wamepelekwa kando ya barabara kungoja huruma.

"Hii ni kazi yenu?" akauliza.

Mhariri alitazama ile simu. Kisha akasema, "Ni yangu." Yule bwana akachukua simu yake akatoka bila kuaga, na alikuwa na haki. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nilijaribu kumtetea mbele ya nafsi yake. Nikamwambia, wewe ulijitoa, hukugusa, kanuni ulifuata. Akanigeukia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Mwalimu, wewe ulisikia nilivyokohoa. Niliposikia ile sentensi nilijua. Ningesema neno moja tu kabla sijatoka: kaulizeni upya. Hilo si upendeleo, hiyo ni kazi yangu. Lakini kijana alikuwa anangoja cheo, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi, wenye heshima, wa kusifiwa. Nikaupita. Nilijificha nyuma ya kanuni yangu mwenyewe." Kisha akafunika uso kwa kofia. Na mimi niliyewasimulia wanafunzi habari za kofia ile sikujua nitazame wapi.

Alitaka makala iondolewe. Bodi ikakataa mwanzoni. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikawasikia kwenye kompyuta mmoja mmoja: takwimu ni sahihi, ridhaa ilitolewa, hakuna wizi, hakuna udanganyifu, mhariri alijitoa. Naibu akasema, "Mzee, makala haina kosa." Akajibu, "Kosa ni mimi." Mwishowe wakakubali, ramani ikafutwa, na pakatolewa tangazo fupi la kuiondoa makala. Matangazo ya namna hiyo huandikwa kwa lugha isiyo na mwenyewe: imebainika, imeamuliwa. La kwake liliandikwa kwa neno mimi. Mimi, fulani bin fulani, nilijua kwamba ridhaa hii si ridhaa, nikanyamaza kwa sababu mwandishi ni mtoto wa dada yangu. Hapo ndipo alipoliweka jina lake. Mimi ndiye niliyesahihisha koma za tangazo lile.

Mpwa alipiga simu jioni hiyohiyo. Mhariri hakuzima spika, nadhani alitaka nisikie. "Mjomba, umenivua nguo sokoni. Kanuni zote ulinifundisha wewe. Nilizifuata zote, moja baada ya nyingine. Kuna niliyoiruka? Nitajie!"

"Hakuna, baba. Ulizifuata zote."

"Basi mbona ni mimi ninayenyang'anywa?"

Mhariri akasema, "Nisamehe," na kijana akasema hamsamehi. Tangu siku hiyo mpaka mazishi hawakuongea tena. Mazishini alikuja, akasimama nyuma kabisa.

Wengine wangeishia hapo, na wangesifiwa. Yeye tangazo lilimkera kuliko makala. Alikuwa akilifungua kwenye kompyuta na kulitazama. "Nani amelisoma hili?" ananiuliza. "Wahadhiri. Na wahadhiri wamepoteza ng'ombe gani?" Halafu siku moja akaja amevaa viatu vya kutembelea. "Twende, Mwalimu. Wewe ni ofisi, lazima ofisi nayo ionekane."

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Boma lilikuwa kimya kwa namna ambayo boma halipaswi kuwa kimya, mazizi yamejaa upepo. Mwenye nyumba tuliyofikia ni mama mtu mzima, mjane, ndiye aliyempokea mpwa na ndiye aliyesema ndiyo kwa niaba ya wote. Kuandika habari zake hapa nilirudi baada ya mazishi kumwomba ruhusa. Alinipa, kwa sharti nisitaje jina wala mahali, na nilimwomba kinywa changu kikiwa kikavu, kabla sijaonja maziwa yake.

Alituwekea ngozi tukae. Kisha akaleta kibuyu, maziwa ya ngamia wa kuazima maana ng'ombe hakuwa na wa kukamua, akammiminia Mhariri kwanza. Harufu ya moshi wa kibuyu ilinifikia. Mhariri akakiweka kikombe chini bila kukifikisha mdomoni.

Wazee waliokuwapo wakaguna. Kijana mmoja akasimama. Nilidhani tunafukuzwa, na ningesema wana haki. Lakini Mhariri akavua kofia, akasema kwa Kiorma, polepole, na hata mimi ninayeokota neno hapa na pale nilimwelewa: alijua, akanyamaza, ng'ombe wao wamekufa kwa kunyamaza kwake. Anaomba radhi. Kisha akalia, mzee mzima, kamasi na machozi, mbele ya watoto. Nikainamisha kichwa. Nilimwonea aibu, nikajionea aibu mimi na shule yangu yote.

Yule mama alimwacha amalize kulia. Akageukia Kiswahili, nadhani ili na mimi nishuhudie.

"Kijana yako alikunywa, halafu aliuliza," akasema. "Mtu amekunywa maziwa yangu, mimi nitasema hapana na mdomo gani? Wewe hujakunywa. Leo mdomo yangu iko huru." Akachukua kile kikombe, akayarudisha maziwa kibuyuni bila kumwaga tone, akafunga kifuniko. "Unataka radhi. Mimi nasema hapana."

Mhariri akainamisha kichwa. "Asante, Mama," akasema. Na ninawaapia, alimaanisha.

Tulipokuwa tunapanda pikipiki mama yule akaita kutoka mlangoni. "Mvua ikinyesha, rudi uulize tena."

Tulipofika Minjila Mhariri alinunua maji, akanywa nusu chupa akiwa amesimama, akasema, "Ile ndiyo ridhaa, Mwalimu. Inatoka mahali ambapo neno hapana linawezekana." Nilimwambia anyamaze anywe maji.

Akarudi. Kila mvua ikinyesha alikwenda, ya masika na ya vuli, kwanza kwa pikipiki, halafu magoti yalipoanza kumsumbua akatafuta mtu wa kumpeleka kwa gari. Mimi sikwenda naye tena, alisema ofisi imeshaonekana. Majani yalianza kurudi kule, alinieleza, na visima viwili vimefukuliwa. Ng'ombe walikuwa wanarudi mmoja mmoja. Jarida aliliachia naibu. Nilitumaini, kila safari, kwamba atarudi na uso mwingine.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa stendi ya Garsen, baada ya mvua. Nilikuwa natoka shule. Ameshika viatu mkononi, miguu ina matope mpaka magotini, kikoi amekikunja, na watu wanampisha kwa heshima bila kujua anatoka wapi. Alikuwa amekonda. Bodaboda mmoja akamtania, "Mhariri, leo umeleta habari gani?" Akacheka, akampungia mkono.

Nikampokea begi. "Amesemaje?"

"Amekataa."

Nikaumia, nikakasirika, kwa niaba yake na kinyume chake, sijui. Nikamuuliza, kwa ukali kuliko nilivyotaka, "Na kikombe? Anakuletea bado?"

"Kila mara," akasema. "Analeta, ananiwekea mbele, anasubiri."

"Hujanywa?"

Akaangalia miguu yake yenye matope, akatikisa kichwa.

"Bado."